Maji ya Chumba cha Betri

Esha alizikwa Mitwero siku ya Jumatano baada ya sala ya adhuhuri, na mimi nilifika kabla jeneza halijatoka. Nalisema hilo mapema kwa sababu wapo waliodhani sitathubutu, na hawakukosea sana. Tangu alfajiri nilikaa kitandani kwangu Lindi mjini, simu mkononi, nikijitafutia udhuru wa mtu mzima: goti, presha, mawingu. Goti linauma kweli na presha ninayo, lakini Mitwero kwangu ni pua na mdomo. Zaidi ya miaka ishirini tumeishi karibu hivyo, na kila tulipokutana sokoni mmoja wetu aligeukia nyanya. Mara nyingi aliyegeuka ni mimi. Kazi iliyonilisha mpaka nywele zimeingia mvi nilijifunza pamoja naye, katika mwaka mmoja tu, na mwaka huohuo nilimfanyia jambo ambalo sijawahi kumsimulia mtu.

Nilikaa jamvini na wanawake wengine. Nyumba yake ilikuwa ya vyumba viwili, sakafu ya saruji iliyosuguliwa mpaka inang'aa. Mita ya umeme wa nguzo ilikuwa ukutani, lakini juu ya bati niliona kitu kingine: sola ndogo, ukubwa wa sinia, na waya wake ukishuka dirishani ukiwa umefungwa kwa vipande vya kanga kila shubiri moja. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa. Mimi niliacha zamani, natumia utepe wa gundi, unamaliza kazi upesi. Pembeni yangu wanawake wawili walikuwa wakimenya vitunguu vya pilau na kuzungumza. "Marehemu alikuwa na mkono, we! Simu ya mjukuu wangu ilitumbukia kwenye ndoo ya maji, akaifungua hapa barazani na kisu cha mezani, jioni inaita." Mwenziwe akauliza, "Hivi alisomea wapi?" Wa kwanza akasema, "Nani ajuaye? Mambo ya kwao alikuwa hayasemi." Nikainama nikajifanya natafuta tasbihi. Mimi najua alisomea wapi.

Kijiji chetu kiko bara kidogo, upande wa Nyangamara, na jina lake nalitia kapuni kwa sababu bado nina ndugu huko. Mwaka huo walikuja watu wa mradi wakasema tutapata umeme wa jua, umeme msafi usio na moshi, kwa ada ya mwezi iliyo chini ya gharama ya mafuta ya kibatari. Wakataka wanawake wawili wa kusomeshwa ufundi. Sharti lilikuwa wawe na watoto, wawe hawakuvuka darasa la saba, na wawe na mizizi pale kijijini. Tulipiga makofi. Baadaye nilielewa maana yake: mwanamume akipata ufundi hukimbilia mjini, na msichana aliyesoma hukimbia zaidi. Tulichaguliwa kwa sababu hatukuwa na pa kwenda. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimeachika, mwanangu kwa bibi yake. Esha alikuwa mdogo wangu kwa mwaka mmoja, ana mume mpole aitwaye Saidi na mtoto wa kike mgongoni, Mwanahawa, ambaye alikuja na sisi chuoni kwa kuwa hajaacha ziwa.

Chuo kilikuwa Kilwa Kivinje, ghorofani kwenye nyumba ya kale yenye kuta nene, juu ya duka la Mama Nasrini. Familia yake ya Kihindi iko Kivinje tangu babu wa babu zao, na Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu. Alitutaka tuvue viatu chini ya ngazi, na Ijumaa alitupandishia wali wa choroko na achari ya embe kwenye sahani zilizofunikwa. Siku nyingine tulijipikia muhogo wa nazi na dagaa katika chumba hichohicho tulimolala, mtoto akitambaa kati ya plaizi na mabaki ya waya. Miezi mitatu. Mkufunzi wetu, tuliyemwita Injinia kwa kuwa hakutuambia jina jingine, alichora jua ubaoni, akachora mshale, akachora taa. Nikashika upesi mambo ya waya: swichi, fyuzi, kuvuta laini kutoka nyumba hadi nyumba. Esha akashika betri. Kulikuwa na kipimo cha kioo chenye boya dogo ndani. Unanyonya maji makali ya betri, unatazama boya limesimama wapi, unajua kama betri ina nguvu au imechoka. Mimi kile kioo kilinitoa jasho. Esha alikitazama mara moja akasema, "Namba hii mvivu, na hii mchoyo." Basi tukagawana, mmoja waya na mwingine betri, kama wake wenza wanavyogawana zamu. Injinia alituonya kila mmoja ajue yote. Tukamwitikia, "Ndiyo, Injinia," na tukaendelea na zamu zetu.

Jioni moja nilikuwa nashuka ngazi kurudisha sahani, nikasikia Injinia akizungumza na ofisa aliyetoka mjini, wamekaa kwenye baraza la duka. Ofisa akauliza, "Hawa mama zako wataweza kweli?" Injinia akajibu, "Yule mwenye mtoto ataweza. Mwingine anaweza kufunga taa." Wakacheka. Ofisa akasema, "Haidhuru. Mradi ni wa miaka miwili. Betri zikifa sisi tutakuwa wilaya nyingine." Nilisimama pale, sahani mkononi, mpaka Mama Nasrini akanitoa kwa sauti, "Binti, hiyo ngazi si ya kulala." Nikapanda juu nikamwambia Esha habari ya miaka miwili na ya wilaya nyingine. Ile ya kufunga taa sikumwambia. Iliniingia na ikakaa, na nadhani mengine yote yalianzia hapo.

Sitaki kudanganya kwa sababu ya uchungu: taa zile zilikuwa nzuri. Sola ziliwekwa nyuma ya shule, betri zikapangwa ishirini na nne katika chumba cha tofali chenye matundu juu, na magharibi ya kwanza zilipowaka, mkunga wa zahanati alikaa chini akalia, mwanamke aliyekuwa akizalisha wenzake miaka yote tochi imebanwa menoni. Esha alizipa betri zote majina ya watu. Namba sita aliiita jina la mavyaa wake, mama wa Saidi, akasema inakunywa maji kimyakimya halafu inalalamika haijapewa. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Mara mbili kwa wiki aliingia mle, mtoto mgongoni, akapima, akaongeza maji yaliyosafishwa ambayo gari la mradi lilituletea kwenye madumu. Mimi nilivuta waya. Mwenyekiti wa kamati ya umeme akaniomba nimvutie laini ya friza, ya siri siri, auze barafu na juisi. Kanuni zilikataza, lakini hakumwomba Esha, aliniomba mimi, akaniita "Mama Injinia". Nikavuta.

Saidi alikufa mwezi wa kumi kwa homa ya siku tatu. Esha akaingia eda, miezi minne na siku kumi, ndani ya nyumba ya mavyaa wake, nguo nyeupe, pazia mlangoni. Hakuna aliyefikiria chumba cha betri, hata sisi wenyewe, maana mtu haombolezi huku akikumbuka dumu la maji. Wiki ya tatu nilikwenda na daftari. Mavyaa wa Esha alikuwa mlangoni akipepeta mtama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuja kwa msiba au umekuja kwa betri?"

"Kwa yote mawili, bibi."

"Hapa lipo moja tu." Lakini akasogeza miguu nipite.

Esha alikuwa amekonda na macho yamezama. Nikampa pole, tukakaa. Yeye ndiye aliyeanza, kwa sauti ya chini: "Yule namba sita anakunywaje?" Nikamwambia maji yameshuka betri zote, vyuma vya ndani vimeanza kuonekana, na gari la mradi halijaonekana tangu kiangazi kianze. Sikumwambia kwamba friza ndiyo inayozikausha. Akafikiri. "Basi ngoja mvua. Weka ndoo ya plastiki uwanjani, mbali na mikorosho, mbali na bati. Ya kwanza iache ipite. Ya pili nayo iache. Kinga ya tatu."

"Najua."

"Najua kama unajua. Nakwambia tena, Somoe. Ya kwanza iache ipite."

Kila mtu kwetu anajua. Kiangazi chote mikorosho hupuliziwa salfa, ule unga wa njano, na vumbi lake hulala juu ya mabati, juu ya majani, juu ya kila kitu, likisubiri. Mvua ya kwanza huliosha na kulitia kwenye mitungi. Mtoto anayekunywa maji hayo huchapwa, na mama anayeyakinga husemwa mpaka Idi. Ni jambo ambalo Injinia hakulijua na sisi hatukufundishwa na mtu, tulizaliwa nalo. Kwa hiyo nisijitetee kwa ujinga.

Mvua ya kwanza ilinyesha Alhamisi mchana. Mwenyekiti alinikuta kwenye uwanja wa shule, mwavuli begani. Wageni wa mradi walikuwa wanakuja Jumamosi, watu wa nje, na kamera.

"Mama Injinia, Jumamosi nataka kila taa iwake."

"Mwenyekiti, betri zina kiu."

"Zinyweshe."

"Maji hakuna."

Akacheka, akanyoosha mkono kwenye mvua. "Maji hayo yanamwagika, nawe wasema hakuna? Au mpaka yule mwenzio atoke ndani ndipo kazi iende?"

Ningeweza kumwambia asubiri. Ningeweza kumwambia azime friza. Lakini nilisikia tena vile vicheko vya Kivinje, yule mwingine anaweza kufunga taa, na damu ikanipanda. Nikachukua ndoo, nikaenda kwenye tangi la msikiti linalopokea maji ya bati, chini ya mikorosho miwili mikubwa, nikachota. Maji yalikuwa na rangi ya chai nyepesi. Nikayachuja kwa upande wa kanga mara mbili, nikajiambia betri haina tumbo. Nikajaza zote ishirini na nne, moja baada ya nyingine, nikafunga vifuniko. Kipimo sikukigusa kwa sababu sikuwa na uhakika wa kukisoma.

Jumamosi taa ziliwaka. Wageni walinipiga picha mlangoni mwa chumba cha betri nimeshika kile kipimo cha kioo, kipimo cha Esha, nimekiinua juu na kutabasamu, na picha hiyo ikatoka kwenye kalenda ya mradi mwaka uliofuata. Ninayo hadi leo chini ya godoro. Watu hutundika kalenda ukutani, mimi yangu nimeilalia.

Kabla mwezi haujaisha taa zilianza kufifia. Kwanza zilizimika saa nne, halafu saa tatu, halafu hata isha haijaadhiniwa. Mkunga akaitafuta tochi yake. Nilifungua vifuniko, nikanusa, nikafunga. Habari ikamfikia Esha nyuma ya pazia, kwa kuwa hakuna pazia linalozuia habari, na siku moja baada ya adhuhuri alitoka. Alipita katikati ya kijiji kwa nguo zake nyeupe, mtoto mgongoni, watu wakisimama milangoni, akaingia chumba cha betri akanikuta nimekaa juu ya dumu tupu. Akapima zote ishirini na nne. Alipofika namba sita alikuwa ameacha kuyataja majina. Akatazama ndani ya tundu muda mrefu, kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, akitaka tu kujua ugonjwa:

"Maji ulikinga mvua ya ngapi?"

"Ya tatu," nikasema.

Akatikisa kichwa. "Ya tatu haifanyi hivi." Akanawa mikono, akarudi ndani. Hakuwa na sababu ya kunishuku, na hilo ndilo linaloniuma kuliko kama angenishuku.

Mkutano ukaitwa shuleni. Mwenyekiti, ambaye friza yake nayo ilikuwa imenyamaza, akasema taa zilikuwa zinawaka vizuri mpaka mjane alipovunja eda. Shehe wetu, Mungu amrehemu, akasimama akasema mjane anaruhusiwa kutoka mchana akiwa na haja. Mzee mmoja akadakia, "Haja gani? Kwani betri nayo imefiwa na mume?" Watu wakacheka, na kwa kicheko kile neno la shehe likafa. Walijua taa zilifa kabla. Wote walijua, walikaa gizani pamoja. Lakini kosa likishapata mwenyewe, wengine hulala usingizi. Mwenyekiti akanigeukia. "Mama Injinia, wewe ndiye mtaalamu. Taa zilianza kuharibika lini?"

Mkunga alikuwa ananitazama. Shehe alikuwa ananitazama. Nikajibu, "Karibu na siku hizohizo alizotoka."

Basi. Sikusema neno jingine, wala halikuhitajika. Eda ilipokwisha wakwe walimwambia Esha hana bahati na nyumba, wakabaki na mikorosho ya Saidi, naye akaondoka na mtoto na furushi moja kwenda kwa mjomba wake Mitwero. Betri mpya hazikuja, mradi ulikuwa tayari wilaya nyingine. Sola zikang'olewa moja moja. Vibatari vikarudi, na moshi wake, na macho mekundu ya watoto asubuhi. Umeme wa nguzo ulifika baada ya miaka mingi, na mpaka leo wapo wanaoutazama kwa mbali kwa kuwa hawana uwezo wa kuuvuta. Mimi nilipewa cheti. Kwa cheti hicho nikapata kazi kwenye duka la sola Lindi, nikaitwa kwenye semina, nikasimama mbele ya wanawake wenzangu nikawafundisha utunzaji wa betri. Nilikuwa nawaambia, kila mara, waache mvua ya kwanza ipite. Waliandika.

Jeneza lilitoka, wanaume wakaondoka nalo, na sisi tukabaki nyuma. Nilisimama kwenda kuaga. Kwenye kibaraza cha nyuma msichana alinizuia kwa kunishika kiwiko, mrefu, uso wa Saidi mtupu.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Mungu akupe subira."

"Amina. Wewe ndiye Mama Somoe wa betri?"

Ni miaka mingi sijaitwa hivyo. Nikamwambia ndiye.

"Mama alisema siku moja utakuja. Akasema ukija yeye hayupo, nikuulize kitu kimoja." Alikuwa anatafuta maneno, si kwa hasira, kwa uangalifu, kama mtu aliyetumwa na hataki kukosea. "Ile mvua ilikuwa ya ngapi?"

Nikamuuliza: "Alikuwa anajua?"

"Hapana. Alikuwa anasema ya tatu haiwezi kufanya vile, kwa hiyo labda yeye ndiye alikuwa anapima vibaya tangu mwanzo, tangu Kivinje. Alikuwa anajipima pale dirishani na kabetri kake kadogo, kila Jumapili, anasoma kipimo halafu ananiita nisome na mimi. Tulikuwa tunapata sawa. Bado alikuwa haamini."

Mle ndani nilisikia wanawake wakigawa pilau, na sauti nilizozitambua: akina mama watatu wa kijijini kwetu, waliokodi gari kuja, wazee sasa, waliosimama milangoni siku ile. Mmoja alikuwa akiwaeleza watu wa Mitwero kwamba marehemu alikuwa mtu mwema, isipokuwa aliwahi kuvunja eda, na kijiji kikaingia giza.

"Ya kwanza," nikamwambia Mwanahawa. "Mama yako alinikataza. Alinikataza mara mbili."

Hakulia. Alifumba macho, akayafumbua, akauachia mkono wangu.

"Basi alikuwa anapima sawa."

"Alikuwa anapima sawa."

Akasogea kando ya mlango, akaniinulia pazia. "Ingia uwaambie," akasema.

Nikavua viatu, nikaingia.